Akina mama wasikilizwe kwanza

MJI wa Tunduma, ulio mlango wa Tanzania kuelekea Zambia, unategemea sana jasho la akina mama. Ndio wauzao sokoni, ndio wapikao chakula cha madereva wa malori, na ndio walimao mashamba yanayouzunguka mji. Kwa mama wa namna hiyo, uzazi wa majira si anasa bali ni sehemu ya kupanga maisha. Ndiyo maana vipandikizi, ambavyo wananchi huviita vijiti, vimepata watumiaji wengi nchini. Kijiti kimoja cha Implanon hudumu miaka 3, na vijiti viwili vya Jadelle miaka 5. Katika vituo vya Serikali huduma hiyo ni bure.

Hata hivyo, wapo akina mama wanaokwenda kuvitoa mapema, hata kabla ya mwaka kwisha. Ni rahisi kwa mtumishi aliyeketi ofisini kusema kuwa hao wamedanganywa na uvumi. Kauli hiyo si ya haki.

Sababu kubwa inajulikana. Vijiti hubadili hedhi. Mama mmoja hupata matone kila siku, mwingine damu nyingi, na mwingine haioni kabisa kwa miezi. Wapo pia wanaoumwa kichwa au kuongezeka uzito. Kwa kawaida mabadiliko ya hedhi si ugonjwa, na damu inayosumbua ina dawa. Lakini mama asiyeambiwa hayo mapema atafanya nini akiona damu wiki ya tatu mfululizo? Atashindwa kukaa sokoni kwa amani, nyumbani kutaingia ugomvi, na majirani watamwambia kuwa kizazi kinaharibika. Hapo uvumi unapata nguvu kwa sababu ukweli ulichelewa. Na ukweli ni kwamba kijiti kikisha kutolewa, uwezo wa kupata mimba hurudi upesi.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Mama anayetumia vidonge akichoka huviacha mwenyewe. Aliyewekewa kijiti hawezi. Anahitaji mtaalamu aliyefunzwa, ganzi na wembe safi. Akikaripiwa, au akiambiwa arudi mpaka miaka yake itimie, kijiti kimekuwa kifungo. Mama mmoja aliyekataliwa namna hiyo akirudi kijijini, ataogofya wenzake wengi kuliko watakaovutwa na mabango na mikutano.

Mwaka 1969, alipokuwa akiueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alikumbusha kuwa jambo kubwa si idadi ya watoto tu, bali uwezo wa kuwatunza na kuwasomesha. Wosia huo unaihusu Songwe ya leo, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 na ambao Sensa ya mwaka 2022 ilikuta una watu zaidi ya milioni 1.3. Lakini kupanga uzazi ni hiari. Hiari isiyo na ruhusa ya kuacha si hiari.

Basi yafaa kila zahanati inayoweka vijiti iwe na uwezo wa kuvitoa, au ijue bila kubabaika mahali pa kumpeleka mama. Wauguzi wanapaswa kueleza madhara kabla ya kuweka, si baada ya malalamiko. Waume waitwe wasikie pamoja na wake zao, maana damu isiyoeleweka huzaa shaka katika nyumba. Walimu na viongozi wa Umoja wa Wanawake, wanaoaminiwa vijijini, nao wauseme ukweli wote, pamoja na ule usiopendeza.

Kufaulu kwa huduma hii kusipimwe kwa hesabu ya vijiti vilivyowekwa peke yake. Kupimwe pia kwa jinsi mama anavyopokelewa siku anaporudi na kusema: nimechoka nacho.