Mtembea kwa Miguu Hastahili Dharau Hiyo

Mwandishi wa safu ya maoni ya juma lililopita amelisifu neno la Kiingereza "pedestrian", kwa kuwa humtaja mtembea kwa miguu na pia kazi iliyopooza. Anasema Waingereza wameona mbali: anayekwenda kwa miguu hana jipya. Nakataa, tena nakataa nikiwa Singida.

Dharau hiyo ina mizizi katika Kilatini, kwa watu ambao mpanda farasi alikuwa mkubwa na askari wa miguu mdogo. Huku kwetu farasi hakuwa kipimo, mbung'o walimmaliza. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipovuka Mgunda Mkali mwaka 1857, nyika kame ambayo leo ni upande wa Manyoni na Itigi mkoani kwetu Singida, biashara ya pwani na Tabora ilikuwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara. Penye njia panda aliweka matawi au kuchora mstari mchangani kufunga njia isiyo yao, ili wa nyuma wasipotee. Huyo ndiye asiye na jipya?

Wajerumani walipofikisha reli Tabora mwaka 1912, kwa sehemu kubwa waliandama njia iliyokwisha kuchaguliwa na miguu hiyo. Mwandishi akitaka kuyakosoa maandishi yaliyopooza, aseme yamepooza, na wapagazi awaachie heshima yao.