Tuchague Mafundi wa Sola Miongoni mwa Wanawake Wetu

Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam na kuahidi kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Mkakati wetu wa taifa nao unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Katika mipango hii mwanamke hutajwa kwa huruma: ndiye anayevuta moshi, ndiye anayebeba kuni. Ni kweli, lakini haitoshi. Kila paneli ya sola inayopandishwa juu ya bati inahitaji mtu wa kuifunga, kuikagua na kubadili betri inapochoka, na mtu huyo hulipwa. Utafiti wa 2019 wa Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu (IRENA) ulikuta wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu duniani, dhidi ya 22 katika mafuta na gesi. Mlango umefunguka kiasi, ila kwenye kazi za kisayansi na kihandisi walikuwa asilimia 28 tu, huku za ofisini wakifika 45.

Wapo wanaosema kazi ya umeme inataka elimu ambayo mama wa kijijini hana. Kinyasini, Unguja, jibu limekuwepo tangu 2015. Chuo cha Barefoot kilichopo hapo huwapokea wanawake waliochaguliwa na jamii zao, wengine hata kusoma kwao ni kwa shida, na kwa miezi mitano huwafundisha kwa macho na mikono: kutambua kifaa kwa rangi zake, kuunga waya kwa lehemu, kupima betri, kufungua taa iliyozima na kuiwasha tena. Chuo hicho hupendelea akina mama watu wazima, hata mabibi, kwa sababu nzito: kijana akishapata cheti huelekea mjini, bibi hurudi kwake. Taa ikizima usiku, fundi yuko mtaa wa pili.

Wengine wanauliza, na vijana wa kiume wasio na ajira je? Swali ni la haki. Lakini kazi hii ndiyo kwanza inakua, na sola iliyokufa kwa kukosa matengenezo haimpi ajira yeyote. Mafundi wakiwa wengi na wa karibu, watu watathubutu kununua mitambo zaidi, na kazi itaongezeka kwa wote.

Kwa hiyo, kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao, au kwenye shehia kwa wenzetu wa Zanzibar, tuombe ajenda hii iingizwe: wanawake wawili wachaguliwe hadharani wakasomee sola, kwenye chuo cha ufundi cha VETA au Kinyasini, na kaya zikubaliane mchango wa kila mwezi wa kumlipa fundi. Kwa Tanzania Bara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Vikundi viombe mikopo hiyo kununulia mita, bisibisi, ngazi na betri za akiba. Nasi waume, kaka na baba za wanawake hao, tukubali kubaki na watoto miezi yote ya mafunzo.