Kabla ununue skrini ya gari, tafuta maiki

Sisi wenye magari ya kitambo tunapenda kujidanganya kwamba shida yetu ni muziki. Ati redio haishiki stesheni, ati spika zinakoroma, ati wasee wa ploti watatucheka. Basi mtu anakopa doo, anawekewa skrini kubwa kama televisheni ya sebuleni, na wiki ya kwanza barabarani bado unamwona ameshika simu sikioni. Msimamo wangu ni huu: kama gari lako halina njia ya kupokea simu bila kuishika, anza na hiyo. Haihitaji skrini, na muziki utakuja nayo.

Mimi nasambaza mayai. Niliacha chuo mwaka wa pili, hiyo ni stori ya siku nyingine, na mjomba akanipa Probox yake ya 2007 nijitafutie. Nachukua trei upande wa Kiambu, napeleka madukani Zimmerman, Githurai na Kasarani. Wateja wa mayai hawatumi ujumbe, wanapiga. "Uko wapi?" Dakika tano baadaye mwingine: "Umefika wapi?" Simu nilikuwa naiweka kwa paja, nikijiona dereva mjanja.

Mwaka jana, ndani ya Zimmerman, simu iliteleza ikaanguka karibu na breki. Niliinama kidogo tu. Kuinua macho, mtoto wa sare ya shule yuko katikati ya barabara na andazi mkononi. Nilikanyaga breki mpaka nikasikia trei zinahama nyuma. Trei kumi na moja ziliharibika. Mtoto alikimbia, hata andazi hakuliangusha. Nilibaki pale mikono ikitetemeka, gari likianza kunuka mayai, na simu ingali inalia chini ya kiti. Mteja alitaka kujua niko wapi.

Sikuwa nakimbia. Kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Ukiangalia simu sekunde mbili umeenda mita 22 bila macho, karibu Probox tano zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Sheria yetu inatoza dereva anayetumia simu gari likitembea faini ya Sh2,000, na tukiwa wakweli, wengi wetu tunaogopa hiyo elfu mbili kuliko tunavyomwogopa yule mtoto.

Nilipoenda kwa fundi, alitazama redio yangu akacheka. "Kijana, toa hii takataka tukuwekee skrini." Bei aliyotaja ilikuwa faida yangu ya miezi miwili. Isitoshe, gari ni la mjomba, na mjomba hataki kusikia mtu amekata waya hata mmoja. Hiyo ndiyo ilinifanya nianze kuuliza maswali, na nashukuru.

Njia rahisi kabisa ni kile kidude cha kuchomeka pale pa kuwashia sigara. Kinashikana na simu yako kwa Bluetooth, halafu kinarusha sauti kwa masafa ya FM, redio inaidaka kama stesheni nyingine yoyote. Changu nilikinunua Sh800. Lakini kuna mtego ambao muuzaji hatakwambia. Redio nyingi zilizotoka Japani zinaanzia 76 na kuishia 90, wakati sisi huku stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana Capital ya 98.4 huipati mpaka ufungiwe kile kiboksi cha kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa. Kidude nacho kinakuja kikiwa kimewekwa mahali popote pale juu, unawasha, kimya. Kumbe unafaa kukiweka kati ya 87.5 na 90, pale pembamba ambapo redio yako na kidude vinakutana, utafute nafasi isiyo na stesheni. Na kama una kile kiboksi cha antena, namba za redio na za kidude huenda zisilingane kabisa. Zungusha redio polepole mpaka ujisikie.

Ubaya wake? Mjini masafa yamejaa. Uko kwa foleni Thika Road, gari la kando lina kidude kama chako, ghafla mahubiri ya mtu mwingine yanaingia katikati ya gengetone yako. Nimezoea.

Kama redio yako ina tundu limeandikwa AUX, una bahati. Nunua kipokezi cha Bluetooth cha kuchomeka hapo na usahau habari ya masafa. Sauti ni safi zaidi. Ukisikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta, usilaumu spika. Ni umeme wa gari unaingia kwenye sauti kwa sababu kipokezi kinachajiwa na gari lile lile linalokicheza. Kuna kidude kidogo cha kukata huo mluzi, kinakaa katikati ya waya wa AUX. Ama chomoa chaja utumie betri ya kipokezi, uone kama kelele imeisha. Na mwenye redio ya kaseti asikate tamaa, kuna kaseti bandia inayofanya kazi hiyo hiyo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapigwa. Ndani ya Bluetooth, kucheza muziki na kupokea simu ni kazi mbili tofauti. Kuna vipokezi vya bei ya chini vinavyojua muziki peke yake. Simu ikiingia, muziki unanyamaza, unaanza kupapasa paja kama zamani. Vingine vinapokea simu lakini maiki iko chini kabisa kando ya gia, aliye upande wa pili anasikia injini na matuta. Kwa hivyo usilipe kabla ya kujaribu. Mpigie mtu ukiwa ndani ya gari, injini inanguruma, dirisha limefunguliwa nusu, umwambie asome namba unazomtajia. Akikosea mbili, rudisha. Bora kabisa ni maiki yenye waya wake, unaibandika juu karibu na kile kizuia jua, mbele ya mdomo wako.

Ukiamua kubadilisha redio nzima, sawa, ni haki yako. Mwambie fundi atumie soketi ya gari lako badala ya kukata waya za kiwandani. Na asichanganye waya wa umeme wa wakati wote na ule wa kwenye funguo, la sivyo redio inasahau kila kitu ukizima gari, ama mbaya zaidi, unaamka asubuhi betri imekufa.

Kuhusu bando, muziki wa kawaida wa kilobiti 96 kwa sekunde unakula kama MB 43 kwa saa. Ukiweka ubora wa juu wa 320, ni kama MB 144. Mimi napakua usiku kwa waifai ya jirani (anajua, nampa mayai) na mchana sichomi bando.

Najua mtakaloniuliza: kuongea si bado ni kuongea? Ndiyo. Mikono ikiwa huru, akili bado inaweza kuwa kwa mteja wa Githurai anayelia kwamba mayai ni madogo. Sheria yangu ni sentensi moja, "Naendesha, nitakupigia," kisha nakata kwa kitufe. Mabishano ya deni nayafanya nikiwa nimeegesha. Iyafoni masikio yote mawili sitaki kuziona kwa dereva, kwa sababu honi ya lori haipigi simu. Na kumbuka gari zima linasikia. Juzi nilimbeba mteja mmoja hadi Roysambu, Mama akapiga, na kabla sijasema lolote spika zote zikauliza kama nimeshaamua kurudi chuo ama nitauza mayai mpaka nioe. Mteja alitazama nje ya dirisha kwa heshima kubwa sana.

Mjomba mwenyewe alikagua gari wiki iliyofuata. Alipapasa chini ya dashibodi kutafuta waya uliokatwa, akakosa. Kisha akaketi, akaniomba nimpigie, akajibu kwa sauti ya juu kama anayeongea na mtu wa Mombasa, ingawa nilikuwa nimesimama mlangoni. Sasa anataka cha gari lake lingine, mradi kisiwe na taa ya buluu.