Wivu si Kipimo cha Upendo



Muhula uliopita tulialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili katika kipindi cha dini. Tuliwauliza: mvulana akimzaba kofi rafiki yake wa kike kwa sababu amezungumza na mwingine, hiyo ni dalili ya nini? Mikono mingi ilinyooshwa. "Anampenda," walijibu, wasichana kwa wavulana. Tulipouliza ni nani aliyewafundisha hivyo, msichana mmoja alisema kwa sauti ndogo: "Mama. Baba akimpiga, hutuambia ni wivu tu."

Darasa lilinyamaza, nasi tukanyamaza. Ni wangapi kati yetu ambao hatujawahi kusema maneno kama hayo mbele ya watoto?

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba, kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mwenzi, karibu 1 katika kila 4 amepigwa au kulazimishwa kimwili na mwenzi huyo. Hawa ni binti zetu.

Tuliwasimulia habari za Tamari, katika 2 Samweli 13. Amnoni alisema anampenda, akajifanya mgonjwa, akamlazimisha, kisha akamchukia na kumfukuza. Kaka yake alimwambia anyamaze. Mfalme Daudi alikasirika, lakini hakuchukua hatua. Wanafunzi walitambua wenyewe kwamba upendo husikia neno "hapana", na kwamba nyumba nzima ilimwangusha binti yule. Wavulana pia walikiri kuwa kumnunulia msichana soda au vocha hakumpi mtu haki juu ya mwili wake, wala haki ya kupekua simu yake.

Baadhi yenu mtasema mazungumzo haya yanawaruhusu watoto kuwa na wapenzi. Sivyo. Tunawafundisha kungoja. Lakini mtoto aliyeambiwa "ole wako nikusikie" peke yake, siku akipigwa atamwambia nani? Atanyamaza, kwa kuogopa kipigo cha pili nyumbani.

Mama, angalia dalili hizi: binti anavaa mikono mirefu wakati wa joto, ameacha marafiki zake, anashtuka simu inapolia, au maendeleo yake shuleni yameshuka ghafla. Ukiziona, keti naye faraghani. Usianze kwa kuuliza, "Ulimfanya nini?" Mwambie, "Nakuamini, na kosa si lako."

Akiwa amelazimishwa, asioge wala asifue nguo alizovaa. Mpeleke hospitali upesi, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Kisha toeni taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Hapa Tanzania waweza pia kupiga 116 bila malipo. Msikubali kumaliza jambo hili kwa mbuzi na maneno ya wazee.

Mwenye kijana wa kiume naye asilale. Umleavyo ndivyo akuavyo.

Yule msichana alitufuata nje baada ya kipindi. "Nitamwambia mama," alisema. Mama huyo huenda ni mmoja wetu. Akija kwako leo jioni, zima redio umsikilize.

Tukutane mwezi ujao. Mungu azilinde nyumba zenu.