Nilivyoingia mkenge wa fimbo ya kuvulia

Leo usinicheke, maana nataka kukusimulia nilivyojifanya mtaalamu wa bahari.

Ilikuwa hivi. Nilichoka kushinda Coco Beach kila Jumapili nikitafuna mihogo tu, nikajisemea sasa nitavua. Nikazama Kariakoo, duka moja hivi, nikakuta fimbo ya kuvulia inang'aa kama gari la harusi, na mashine yake ya kuzungushia uzi. Muuzaji akanipamba: "Braza, hii ndiyo ya kisasa." Nikatoa mshiko bila hata kupumua. Na zile pesa, msomaji, hazikuwa zangu! Ulikuwa mchezo wa dada yangu, kaniachia nimtunzie mpaka Jumatatu akanunue cherehani.

Mashine yenyewe haikumaliza mwezi. Nani aliniambia kwamba ukitoka baharini unaisuuza kwa maji ya bomba? Chumvi ikaila, mkono ukagoma kuzunguka, nikabaki na fimbo ya kuangulia maembe.

Siku ilipogoma, pembeni yangu juu ya mawe alikuwa kakaa mzee mmoja, mshipi wake kauzungushia kwenye chupa tupu ya maji. Keshapata changu wanne na tasi mmoja. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia, akaitazama fimbo, akauliza bei. Nilipoitaja alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Akanipa darasa, nami nakupa bure. Nunua nailoni ya milimita 0.50 au 0.60. Nyembamba zaidi ya hapo itakukata vidole samaki akikimbia. Ile iliyoning'inizwa juani mbele ya duka achana nayo, jua linaiozesha. Ivute kwanza, ikikatika kirahisi mrudishie mwenyewe.

Halafu ndoana, hapo ndipo nilipochemsha kabisa. Namba 8 ni ndogo kuliko namba 6, sawa? Lakini ukifika kwenye zile zinazoandikwa 1/0, 2/0, mambo yanageuka: namba ikipanda na ndoana inakua. Mimi nilibeba 6/0 eti kwa kuwa "sita ni saizi ya kati". Kumbe natupa ndoana ya samaki wa kubebwa na watu wawili, kwa changu wa kuenea kwenye sahani. Walikuwa wanakula chambo na kunipungia mkono. Mzee anatumia 6 na 8, basi.

Chubwi usinunue kwanza, maana mawe yatazimeza zote. Pita gereji, omba plagi za gari zilizokufa. Ifunge plagi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ili ikinasa ikatike yenyewe ukabaki na ndoana yako. Fundo la ndoana: pitisha uzi tunduni, uzungushe mara 5 au 6, urudishe kwenye kitundu cha mwanzo, ulowanishe kwa mate ndipo ukaze. Ukikaza mkavu unajikata.

Sasa yule samaki wangu mmoja. Nilimpata siku ile ile kwa mshipi wa kuazima, mnene, kajijaza upepo kama mpira. Nikaruka kwa furaha, nikamtia mfukoni nimpelekee dada kupooza deni. Mzee akaninyang'anya akamrusha majini. "Mwanangu, huyo bunju! Unataka kumaliza ukoo?" Sumu ya bunju inaua, na hata umchemshe kutwa haiishi. Miguu ilinilegea, kwani kwa dada kuna watoto watatu.

Fimbo nimemuuzia jamaa mmoja kwa bei ya kutupa, nailoni na ndoana zangu nimenunua kwa nauli ya daladala ya siku chache. Jumapili iliyopita nikampelekea dada changu sita. Akawapokea, akawahesabu, akawapara, akawakaanga. Nilipomaliza kula akaniuliza: "Na cherehani?"