Ukitaka kumjua wa ughaibuni, nenda Januari

Haya jamani, nimerudi. Wale mlioniuliza nimepotelea wapi: nilikuwa Berlin, Ujerumani, siku nane, na ndiyo, nilikwenda Januari 2025, katikati ya baridi. Mama alishangaa kama nyinyi mnavyoshangaa. "Watu wanaikimbia baridi, wewe mwanangu unaifuata?" Mhasibu wetu ndiye aliyepiga hesabu, akatuambia sikukuu zikishapita nauli ya ndege inashuka, na kwa mifuko yetu ilikuwa Januari au basi. Sababu yangu mimi haikuwa hata na hesabu. Nilitaka kuona theluji. Sikuiona. Siku zote nane ilikuwa mvua nyembamba na ukungu, na mbingu ina rangi ya sufuria kuukuu.

Lakini nimerudi na msimamo, na mnaweza kunizomea mkitaka. Kama una rafiki majuu, na Mungu akakujalia nauli, usiende kumtembelea Julai. Nenda Januari.

Nieleze kwanza sisi ni akina nani. Tulikuwa wasichana wanne, chumba kimoja pale Mlimani, tukipika wali kwa kuibia umeme na kusubiri boom kama watu wa jangwani wanavyosubiri mvua. Mmoja sasa ni mhasibu, mmoja mwalimu, mimi ndiye huyu mnayemjua, na wa nne nitamwita Binti Lindi. Mwaka 2019 Binti Lindi alikwenda Ujerumani kusoma shahada ya uzamili. Tangu hapo tulimjua kwa picha. Kila Julai zilikuja: yuko ziwani, yuko kwenye baiskeli, amelala kwenye majani na miwani ya jua, ana aiskrimu kubwa kuliko uso wake. Kuanzia Novemba hadi Machi kimya. Unamwandikia ujumbe, anajibu baada ya siku mbili, kidole gumba basi. Sisi huku tukahitimisha kwamba shosti kashakuwa Mzungu, anaringa.

Safari yenyewe ilianzia Karume. Kama hujui, makoti mazito ya mitumba pale Karume ni bei ya kutupa, maana nani atayavaa Dar? Muuzaji alituangalia tunavyoyajaribu jasho likitutoka, akatuuliza kama tunaigiza sinema. Langu nililipata kwa bei ya sahani mbili za chipsi. Mfukoni lilikuwa na risiti ya duka la Kijerumani, naapa. Koti lile lilikuwa linarudi kwao.

Binti Lindi alitupokea uwanja wa ndege, amekonda, anacheka sana. Anaishi mtaa wa Wedding, ghorofa ya nne bila lifti, chumba kimoja na jiko lenye nafasi ya mtu mmoja. Tulilala chini tumepangana kama dagaa, na usiku wa kwanza tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hiyo sehemu ilikuwa tamu, sitasema uongo. Korosho alizotutuma mama yake zilikwisha kabla hatujafungua masanduku.

Sasa sikilizeni. Kilichonishangaza sikutegemea. Baridi unaizoea; unavaa soksi mbili, unavaa koti la Karume, maisha yanaendelea. Kilichonishinda ni giza. Mwezi ule jua Berlin linachomoza saa mbili na ushei asubuhi, na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Hapo nasema jua kwa heshima tu, sisi hatukuliona. Sisi watu wa Dar mwaka mzima kunakucha saa kumi na mbili, kunakuchwa saa kumi na mbili na kitu, wala hatujawahi kufikiri kwamba mwanga ni kitu kinachoweza kugawiwa kwa kibaba. Siku ya tatu nilijikuta nimekasirika bila sababu. Siku ya nne Mwalimu, ambaye hajawahi kulia mbele yetu tangu mwaka wa kwanza, alilia kwa sababu ya kifungo cha koti.

Na Binti Lindi? Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja ameshatoka. "Naenda kazini, lala." Anarudi saa tisa alasiri, imebaki saa moja na nusu ya mwanga, anataka kutupeleka mjini tukapige picha. Tulikwenda Lango la Brandenburg, tukaenda kwenye kipande cha ule ukuta uliogawa jiji mpaka 1989, tukautazama mnara wa televisheni ambao kichwa chake kilikuwa kimemezwa na ukungu. Picha zipo. Wote tuna pua nyekundu, kwa wale wenye ngozi ya kuonyesha pua nyekundu, yaani Mhasibu peke yake.

Jumapili alikuwa na mapumziko. Sisi tulitaka maduka. Maduka ya Wajerumani Jumapili yamefungwa, hilo nalo hatukuwa na habari. Basi akasema, "Twendeni nikawaonyeshe mjomba wangu." Tukadhani ana ndugu mjini.

Alitupeleka Makumbusho ya Historia ya Asili. Unaingia ukumbi wa kwanza tu, unakutana naye: mifupa ya mjusi mkubwa, zaidi ya mita 13 kwenda juu, shingo inakaribia dari. Binti Lindi akainua uso, akasema, "Shikamoo mjomba." Wazungu wakageuka. Mjomba anatoka Tendaguru, kilima kilicho ndani kutoka mji wa Lindi. Wajerumani waliichimba mifupa ya huko kuanzia 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuuacha ule ukanda wa kusini na njaa na makaburi. Waliochimba walikuwa vibarua wetu, mamia kwa mamia, wakisimamiwa na mtu wetu, Boheti bin Amrani. Na waliobeba walikuwa wetu pia: zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe, kichwani na mabegani, siku kadhaa za kutembea mpaka bandari ya Lindi. Mwaka 1937 wakamsimamisha Berlin, na yupo hadi leo. Kama arudi au asirudi, hata bungeni kwetu limejadiliwa zaidi ya mara moja, nami nina maoni yangu, ila si ya leo.

Binti Lindi alikaa kwenye benchi chini yake. Akatuambia kila baridi huwa anakuja hapa, kwa sababu kuna joto, kuna taa kali, na kuna mtu wa nyumbani. Alisema hivyo, "mtu wa nyumbani". Halafu akalala. Amekaa wima, mkoba mapajani, watoto wa Kijerumani wanapiga kelele pande zote, amelala fofofo. Nikampiga picha, kwa mazoea ya kazi.

Alipoamka, Mwalimu akamwuliza kwa upole ofisi yake iko wapi, tukaione. Ndipo akasema. Hakuna ofisi. Uzamili aliuacha mwaka wa pili, pesa ilipokwisha. Yuko kwenye mafunzo ya uuguzi, miaka mitatu, katika nyumba ya kulelea wazee. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani, na kuna bibi mmoja anayemwita kwa jina la binti yake aliyefariki. Analipwa, si vibaya, na akimaliza ana kazi ya uhakika. "Ila nilijua mtasema naosha wazee."

Tulikaa kimya, maana tungesema. Mimi nilishasema! Miaka ya nyuma niliandika makala ya kuwacheka wabeba boksi wanaorudi Bongo Desemba na lafudhi mpya, na Binti Lindi alikuwa miongoni mwa waliosifia. Kidole gumba. Pia mwaka 2023 nilimtumia kadi ya mchango wa harusi ya dada yangu, akatoa yuro mia moja, nami nikalalamika kwa Mhasibu kwamba mtu wa majuu anatoa hela ya mtu wa Manzese. Mhasibu naye alikuwa anadai simu. Sote tulikuwa tunachota kisima kile kile, na hakuna aliyeuliza kina.

Jioni ile, yaani saa kumi, alitutembeza mtaani kwao, sehemu inayoitwa Mtaa wa Kiafrika. Kuna barabara zenye majina ya Zanzibar, Usambara, Tanga. Moja ilikuwa na jina la Karl Peters, yule Mkono wa Damu. Agosti 2024 kipande chake kikapewa jina la Maji Maji. Tulisimama chini ya kibao, mvua inatunyeshea, mwenzetu wa kusini katikati, hakuna aliyekuwa na hamu ya kupiga picha.

Mwalimu hakubaliani nami kuhusu Januari. Anasema kila mtu ana haki ya kutembelewa akiwa amefagia uwanja, na kwamba sisi tulimwingilia Binti Lindi chumbani kabla hajavaa. Ana hoja. Lakini nikimwuliza kama tungekwenda Julai tungejua nini, ananyamaza. Tungekuta ziwa, baiskeli na aiskrimu, na tungerudi na orodha ndefu zaidi ya maombi. Julai ni kweli pia, sikatai. Ila ni miezi mitatu, na sisi tulikuwa tunamdai kwa miezi kumi na miwili.

Aliomba tusimwambie mama yake, atasema mwenyewe. Tukaahidi. Niliporudi, mama alikuwa Mbagala kwa mwanawe mkubwa, nikampelekea mfuko wa zawadi. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Nionyeshe picha za mwenzio." Nikamwonyesha za Lango, akazipita haraka. Nikasahau ile ya makumbusho ilikuwa inafuata. Akaisimamisha, akaikuza kwa vidole viwili.

"Amelala," akasema. Kisha, "Mchana?"

Sikujibu. Usiku ule alimpigia mwanawe, wakazungumza mpaka salio likaisha. Kesho yake Binti Lindi aliniandikia, safari hii maneno kamili: andika tu, ila jina langu usilitaje.