Muulize Analipa Ngapi

Acha nianze na kosa langu mwenyewe, usije ukasema naongea kwa wivu.

Mwaka juzi nilipata kibarua cha siku mbili kwenye mkutano mkubwa wa teknolojia, hoteli moja huko Westlands. Kazi ilikuwa kusimama karibu na meza ya chai nikiwa na maiki iliyovalishwa sponji, kukamata watu wakipita, na kuwarekodi dakika tatu tatu kwa ajili ya podikasti ya waandaaji. Maswali nilipewa yakiwa yamechapishwa tayari: Wewe ni nani? Mnatatua shida gani? Mnajiona wapi miaka mitano ijayo? Una ujumbe gani kwa vijana? Malipo yalikuwa elfu tatu kwa siku, chakula cha mchana, na beji ya kuning'iniza shingoni. Kwangu mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, beji yenye jina langu haikuwa kitu kidogo. Siku zote mbili nilitoka Njiru saa kumi na moja alfajiri ili jam ya Kangundo Road isinikute.

Nilirekodi watu 31. Thelathini walisema kitu kimoja. Wote wanawezesha jamii, wote wana suluhu, wote wanapenda sana vijana. Ukinichezea zile sauti leo siwezi kukuambia nani alikuwa wa mikopo, nani wa mbolea na nani wa bodaboda.

Wa 31 alikuwa msichana aliyesimama kwenye meza ya kampuni moja ya akili unde, akigawa kalamu na mifuko. Bosi wake alikuwa ameenda kula. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kama karatasi ilivyotaka, wanatatua shida gani. Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili: "Mimi shida natatua ni ya rent."

Kumbe ni jirani, anakaa Kayole. Akanieleza kwamba kugawa kalamu si kazi yake. Kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta akichora visanduku juu ya picha: hili gari, huyu mtu, hii taa ya barabarani, ndiyo mashine ijifunze kuona. Analipwa kwa picha. Picha ikikataliwa halipwi, na haambiwi imekosa nini. Ile siku ya mkutano pia hakuwa analipwa. Aliambiwa ni nafasi ya kujulikana. Yote hayo aliyasema na dakika tatu hazikuwa zimeisha.

Hiyo ndiyo rekodi pekee niliyoisikiza mara mbili kwenye matatu nikirudi nyumbani. Kesho yake aliyenipa kazi akaniandikia: "Hii ya huyu dem toa. Ina kelele." Haikuwa na kelele. Nilijua haina. Nikaitoa. Elfu sita zangu ziliingia kwa simu wiki tano baadaye.

Sasa nasema hivi, kwa kila mwenye maiki hapa mjini: mahojiano mafupi tunayorekodi kwenye mikutano ya teknolojia si mahojiano. Ni matangazo ya bure, na sisi tumekuwa stendi za maiki zenye miguu. Tatizo si ufupi. Dakika tatu zinatosha kusema ukweli, yule msichana amenithibitishia. Tatizo ni tunayemuuliza na tunachoogopa kumuuliza.

Njiru hakuna mtu ananunua mtungi wa maji bila kuuliza bei. Mama mboga ukimuuliza sukuma ni ngapi hakasiriki, hasemi unaua ndoto yake. Lakini mtu akivaa koti na beji, akasema kampuni yake inabadilisha Afrika, ghafla bei inakuwa swali la kukosa adabu. Tunamuuliza kuhusu safari yake. Safari gani? Sisi wengine pia tumesafiri, kutoka Njiru mpaka Westlands, matatu mbili na kutembea.

Na tusidanganyane kwamba teknolojia ya hapa ilizaliwa kwenye hoteli. Majina mawili tunayojivunia kuliko yote ni maneno ya Kiswahili. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na ilienea kwa sababu ajenti alikuwa kwenye kibanda mtaani, anayekufahamu kwa sura. Ushahidi ilianza Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Wanablogu walitengeneza ramani ambayo mtu wa kawaida angetumia ujumbe mfupi wa simu kueleza alichokiona pale alipo. Yaani chombo kilichotupa sifa duniani kilikuwa chombo cha kumsikiliza asiyekuwa na beji. Leo warithi wa sifa hiyo wanaongea wao kwa wao, kwa Kiingereza, na sisi tunawashikia maiki.

Kuna gharama. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama hapa Nairobi, waliosoma maandishi machafu ili ChatGPT ifunzwe kuyatambua, walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Walikuwa Wakenya, kazi ilifanyika hapa, mji ni huu wetu. Habari ikatusubiri itoke kwenye jarida la Marekani. Mwaka huohuo, tarehe 1 Mei, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za aina hiyo walikutana hapa Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Sijawahi kupewa karatasi ya maswali yenye nafasi ya mmoja wao.

Halafu ikaja Worldcoin. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023, watu walijazana KICC, jumba tunalolijua kwa mikutano, wakisubiri macho yao yapigwe picha ili wapewe sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi 7,000. Waanzilishi walikuwa na maelezo marefu kuhusu utambulisho na uchumi wa kesho. Wanahabari waliouliza foleni yenyewe walipata jibu fupi: tumesikia kuna pesa, na maisha ni magumu. Tarehe 2 Agosti serikali ikaisimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Ukitaka kujua ile kitu ilikuwa nini hasa, ni nani alikuambia kwa haraka: mwenye kampuni au mtu wa foleni?

Najua nitakachoambiwa. Kwanza, kwamba Afrika imechoka na habari mbaya, tuwape waanzilishi wetu moyo. Sawa. Wapo wanaofanya kazi ya kweli, wengine kwa pesa za mfukoni na kwa madeni, na nimewaona wakilala kwenye viti vya mkutano kwa uchovu. Lakini mwenye kazi ya kweli haogopi swali la mshahara. Ukimuuliza analipa ngapi na akajibu wazi, umemsifu kuliko dakika tatu zote za "tuambie safari yako". Anayeumizwa na maswali laini ni huyo, kwa sababu tunamfanya asikike sawa na tapeli.

Pili, kwamba podikasti ni biashara, mwenye pesa ndiye anachagua wimbo. Hilo ni kweli, na simlaumu mtu aliyechukua elfu tatu. Mimi nilizichukua na nilizihitaji. Lakini basi tuiite jina lake. Weka mwanzoni: hili ni tangazo, limelipiwa na fulani. Usiniambie ni mazungumzo.

Tatu, kwamba nina uchungu kwa sababu sikumaliza chuo. Labda. Lakini swali langu bado liko palepale na bado halijajibiwa.

Basi mimi nimejiandikia karatasi yangu, na wewe unaweza kuichukua bure. Ina maswali matatu, moja kwa dakika. La kwanza: ni nani anafanya hii kazi kwa mikono yake, na yuko wapi sasa hivi? La pili: analipwa ngapi, na asipolipwa analalamika kwa nani? La tatu: mambo yakiharibika, hasara inabebwa na nani? Uliza kwa Kiswahili. Mtu aliyekariri maneno yake kwa Kiingereza hujikwaa kidogo akiulizwa kwa Kiswahili, na pale anapojikwaa ndipo huanza kuongea. Ukimaliza na bosi, geuka. Muulize anayegawa kalamu, anayepanga viti, anayebeba sahani. Muulize pia kama anataka jina na sauti yake visikike, kwa sababu yeye ndiye anaweza kufutwa kazi, si wewe.

Hilo la mwisho ndilo linaniuma. Unaweza kusema kwamba kwa kumtoa yule msichana nilimlinda. Nimejaribu kujiambia hivyo. Lakini sikumuuliza. Niliamua peke yangu, pamoja na mtu aliyeniandikia ujumbe.

Miezi kadhaa baadaye tulikutana naye stejini Kayole, jioni, mvua ikinyesha, watu wakigombania gari. Alinitambua kabla sijamtambua. Akanisalimia vizuri, kisha akauliza, "Ile yangu ilitoka lini? Nilimwambia mathe aitafute, tukaikosa."

Nilimwambia ilikuwa na kelele.